Pale Panapokwama

Hershel Pruitt alipewa nafasi ya tatu kwa kuiga gita alilolipiga yeye mwenyewe.

Ilikuwa Alhamisi alasiri, siku za maonyesho ya wilaya, Septemba ya mwaka hamsini na saba. Mashindano ya kuiga santuri kwa gita yalifanyika katika banda lilelile ambamo nguruwe walishindanishwa asubuhi. Maranda mapya yalikuwa yamemwagwa, lakini harufu haikudanganyika. Watu kumi na mmoja walipanda jukwaani mmoja mmoja, na tisa kati yao walipiga wimbo uleule, "Piga Honi Mara Mbili" wa Dale Ransome, maana mwaka ule ungedhani Tennessee magharibi haina wimbo mwingine. Hershel alipanda wa mwisho. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja, shati lake limetiwa wanga mpaka mikono ikasimama yenyewe, na kucha ya plastiki ya kupigia nyuzi ameivaa kidole gumba kama kawaida yake. Kidole gumba kikatembea kwenye nyuzi nene kama mtu mzima anayekwenda sokoni, na vidole vingine viwili vikamzunguka mtu huyo kama watoto wake, mara mbele, mara nyuma, bila kumkanyaga. Hata muuza soda aliacha kufungua chupa.

Hakimu alikuwa Vester Oakes, mwenye mgahawa. Mashine pekee ya muziki mjini, ile ya kutumbukiza sarafu, ilikuwa kwake, na watu waliamini kwamba mwenye mashine ndiye mwenye masikio. Utepe wa buluu, wa mshindi, akampa Carlton Sipes, mtoto wa mwenye kinu cha pamba. Mwekundu akampa kijana mmoja wa ng'ambo ya mto. Mweupe akampa Hershel.

"Mikono unayo, Hershel, hilo sikatai," alisema Vester huku akimbandika ule utepe kifuani. "Ila karibu na mwisho umekosea. Pale panapokwama."

"Panakwama wapi?"

"Kwenye santuri. Kabla Dale hajarudi kuimba, gita linakwama kidogo, kama mtu aliyekosa ngazi gizani, halafu linatimua mbio linajipata. Utamu wote uko pale. Wewe umepita tu kama hapana kitu."

"Nimepapiga panavyotakiwa kupigwa."

"Basi ndiyo hivyo. Mwenzako Carlton amekwama vizuri."

Oleta, mke wa Hershel, alikuwa amesimama karibu akiwa na mkoba wake mikononi, na aliposikia hayo akausogeza mkoba kwapani, ishara ambayo waliomjua waliiogopa. "Vester, aliyepiga hiyo santuri ni huyu hapa unayembandika utepe mweupe. Mwezi wa tatu, Memphis, yeye na ndugu yangu Dub. Walilipwa dola kumi na tano kila mmoja, wakaambiwa asanteni."

"Ulishatuambia, dada Oleta," alijibu Vester kwa ule upole ambao watu huwatunzia wagonjwa. "Hata kanisani ulisimama ukatuambia. Lakini picha ya kwenye jalada, gita kalishika Dale."

"Na mimi nimeshika mkoba wa ngozi ya mamba. Unafikiri nilimwinda mwenyewe?"

Hershel akamshika mkewe kiwiko, wakaondoka.

Nyumba ilikuwa ya mama yake Oleta, bibi Zella Crider, na walikaa humo wanne: bibi Zella, Oleta na mumewe, na Dub, kitindamimba, mwenye miaka ishirini na sita na asiye na haraka ya kuoa. Jioni ile mezani palikuwa na maharage yaliyochemka tangu asubuhi na kipande cha nyama ya chumvi, mkate wa mahindi ukiwa bado ndani ya kikaango chake cha chuma, vitunguu vibichi, nyanya za mwisho za msimu, na jagi la maziwa ya mgando. Bibi Zella alivunjia mkate wake ndani ya glasi ya maziwa akawa anaula kwa kijiko, taratibu, akiwasikiliza.

Dub aliingia bila kupangusa viatu. Alikuwa mrefu, mwembamba, na mikono yake ilikuwa na sugu za kuchapa nyuzi za besi, ile besi ya kusimama iliyokuwa kubwa kuliko kabati la nguo la dada yake.

"Shemeji, habari nimezipata njiani," alisema akijivutia kiti. "Watu wanasema umeshindwa kujiiga."

"Kula."

"Nakula. Lakini nilikwambia. Memphis ulijikwaa pale, mimi nikakungoja, tukaendelea. Sasa hujui hata ulivyojikwaa? Kosa la mtu ni mali yake, angalau alikumbuke."

Hershel akamtazama, akafungua mdomo, akaufunga, akajikatia kitunguu.

"Tena nina habari nyingine," Dub aliendelea. "Nimetoka kwa Vester. Simu ililia, akaja kuipokea mwenyewe, uso ukambadilika. Ni bwana mmoja anaitwa Fitch, ndiye anayemsimamia Dale. Unajua Dale anafunga maonyesho hapa keshokutwa. Mpiga gita wake kachukuliwa jeshini. Dale kasema mtafuteni yule jamaa wa Memphis aliyevaa kucha, na studio ikawapa jina lako. Wanataka wakusikie Jumamosi saa nane, ukumbini, kabla watu hawajaingia."

Oleta aliweka uma chini. "Na Vester alisemaje?"

"Alisema, 'Ni yule wa utepe mweupe?' Basi."

Bibi Zella akacheka mpaka maziwa yakampalia.

"Ila wana sharti," Dub akasema. "Huyo Fitch anataka mtu apige kama santuri, sauti kwa sauti. Anasema Arkansas watu walimrushia mpiga gita vikombe kwa sababu hakukwama."

Lakini mezani hakuna aliyewaza vikombe vya Arkansas. Wote walijua habari ya Jumatatu. Kwa miaka sita Hershel alikuwa akipima marobota kwenye mizani ya kinu cha Bwana Sipes. Wiki ile Bwana Sipes alimwita akamwambia kwamba mizani sasa ataishika Carlton, na yeye Hershel ahamie ndani, kwenye misumeno inayochambua pamba, mahali alipokuwa Hoyt Lackey. Hoyt alikuwa ameingiza mkono kuzibua pamba iliyonasa, akautoa umebaki na vidole vitatu. Ilikuwa kazi hiyo au hakuna kazi, na msimu ulikuwa umeshaanza.

"Basi utapiga kama santuri," alisema Oleta. "Si ni wewe?"

Ijumaa baada ya chakula cha mchana walikwenda kwa Vester na sarafu zilizokuwa ndani ya soksi. Hershel alijiinamia na gita mapajani, kimya kimya, nyuzi ameziziba kwa kiganja. Oleta alisimama kwenye mashine akitumbukiza. Wimbo ulipofika pale, Hershel alijaribu kukwama. Akakwama mapema. Akakwama mno. Mara ya tisa mkono wake ulipita moja kwa moja bila kumwomba ruhusa, kama farasi anayejua njia ya nyumbani.

"Sielewi," alisema. "Nikipanga kujikwaa, nakuwa kama mtu anayejifanya amelewa. Hata mtoto anaona."

Vester alikuwa akifuta meza ileile kwa mara ya nne. "Carlton aliniambia yeye anahesabu moja na nusu, halafu..."

"Vester," alisema Oleta, "leta kahawa."

Alitumbukiza tena, na safari hii akainama akaegemeza sikio lake kwenye kitambaa cha spika ya chini, ile yenye sauti nzito. Tangu utotoni Oleta ndiye aliyekuwa akiwapa sauti kanisani kabla ya kuimba, maana kanisa lao halikuwa na kinanda. Walikuwa wakimtazama yeye, anatoa sauti, wote wanamfuata. Alisikiliza macho ameyafumba. Akatumbukiza tena. Kisha akainuka, sikio moja jekundu.

"Hukujikwaa wewe," alisema polepole.

Hershel aliinamia nyuzi.

"Ni Dub. Besi inawahi. Pale Dale anapopiga kelele ya kushangilia, Dub anafurahi, anaingia kabla ya wakati wake. Wewe ukasimama ukamsikia, ukaona amekuacha, ukamkimbilia. Ndiyo maana huwezi kukumbuka. Hukuwa na cha kukumbuka."

"Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu siku ile. Tulipomaliza, nilitaka kuomba turudie. Yule mwenye studio akasema hapana, hiyo hiyo, ndiyo tamu. Dub akanipiga begani, akaniambia, 'Usijali shemeji, nilikungoja.' Alikuwa na furaha, Oleta. Ningemwambia nini?"

"Na miezi sita yote anakucheka mezani kwangu."

"Kucheka hakuvunji sahani. Mtu ukishamfunika shuka, huamki kesho yake ukamfunua mbele za watu."

Oleta angeweza kukasirika, na nusu yake ilikuwa imeshakasirika. Nusu nyingine ilitaka kumshika mkono palepale mbele ya Vester. Akakusanya sarafu zilizobaki. "Haya. Twende nyumbani," alisema. "Lakini vidole vyako na ile misumeno je?"

Hershel alilibeba gita, akamfungulia mlango.

Jumamosi saa nane walikwenda wote, hata bibi Zella, aliyevaa kofia ya mazishi kwa kuwa ndiyo aliyokuwa nayo. Dub alibeba besi yake mgongoni. "Huwezi jua," alisema alipoulizwa. Ukumbini Dale Ransome alikuwa amekaa ukingoni mwa jukwaa akila yai la kuchemsha. Alikuwa mdogo kuliko picha yake, na nywele bado hazijapakwa mafuta. Alimwona Hershel akaruka chini, akamshika mkono.

"Huyu ndiye," alimwambia Fitch. "Wengine wanaiga. Huyu ndiye alipiga."

Fitch alikuwa mtu wa suti ya kijivu, mwenye kalamu sikioni. "Vizuri. Eugene, mwanzishie."

Eugene alikuwa mpiga besi wa kuazimwa kutoka Nashville, mtu mpole wa miwani, aliyepiga kila sauti mahali pake kama anayepanga vyombo kabatini. Walianza. Dale aliimba huku anatafuna. Hershel alipiga vizuri kiasi kwamba Eugene alitabasamu na kutikisa kichwa. Pakafika pale, wakapita moja kwa moja, laini kabisa.

"Simama," alisema Fitch. "Pale panakwama."

Wakarudia. Hershel akajikwaa kwa makusudi, na bibi Zella kule nyuma akasema, "Mh."

Wakarudia mara ya tatu. Fitch akatoa kalamu sikioni. "Bwana Pruitt, samahani. Una uhakika ni wewe uliyepiga Memphis?"

Hershel alikuwa amesikia maneno mengi katika maisha yake, lakini lile lilimfika. Masikio yalimwiva. Alianza kuvua kucha yake kidoleni. Dale alitazama viatu vyake.

Oleta alisogeza mkoba kwapani. "Bwana Fitch, mume wangu Memphis hakupiga na bwana huyu. Alipiga na yule pale. Mtu ukimwomba aje kama alivyokuja, mwache aje na waliokuja naye."

"Mama, besi ni besi."

"Wimbo mmoja," alisema Dale. "Muda tunao, Fitch. Hata yai sijamaliza."

Eugene alisogea bila kinyongo. Dub alipanda na besi yake, akatema mate viganjani, akaipapasa shingo yake kama ya ng'ombe. Alikuwa hajawahi kupiga mbele ya ukumbi mkubwa namna ile, ingawa ulikuwa mtupu, na meno yake yote yalikuwa nje. Wakaanza. Dub alichapa nyuzi mpaka vumbi likatoka. Dale alisahau kutafuna. Pakakaribia pale, Dale akapiga ile kelele yake, na Dub, moyo umemjaa, akaingia kabla.

Gita la Hershel likakosa ngazi. Likaning'inia hewani kitambo kidogo, halafu vidole vikatimua mbio, vikamshika Dub kona, wakaingia nyumbani pamoja.

Fitch alikuwa amesimama wima.

"Nimewahi," alisema Dub. Meno yalikuwa yamerudi ndani. "Jamani, samahani. Nimewahi mimi. Turudie, sitawahi tena."

Wakarudia, na Dub akahesabu kwa midomo, akaingia palepale panapotakiwa. Wakapita laini.

"Hapana," alisema Fitch. "Kama ile ya kwanza."

"Ile ya kwanza nilikosea."

"Kosea tena."

Dub akamgeukia shemeji yake. Hakuwa mjinga, na sasa jambo lilikuwa linamjia polepole, kama maji yanayopanda shambani. "Hershel," alisema, na ni mara chache alimwita kwa jina. "Memphis. Nani alimngoja nani?"

Hershel aliangalia gita lake. Oleta akafungua mdomo, bibi Zella akamfinya.

"Nakuuliza, shemeji."

"Uliwahi kidogo," alisema Hershel. "Kidogo tu."

"Na mimi nikakucheka."

"Ulicheka kidogo tu."

Dub aliilaza besi polepole sakafuni, akaenda akakaa kando ya Dale, ukingoni mwa jukwaa. Alikaa hivyo muda wa kutosha kumfanya dada yake apige hatua mbili kumwendea. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na walidhani analia.

"Ina maana," alisema Dub akijifuta macho, "yule Carlton Sipes, na utepe wake wa buluu, miezi yote hii alikuwa chumbani kwake anafanya mazoezi ya kosa langu?"

"Yeye na nusu ya nchi," alisema Dale.

"Mama, umesikia?"

"Nimesikia," alijibu bibi Zella. "Nilikwambia tangu ukiwa mdogo, huna subira. Sikujua italipa."

Fitch hakucheka. Alikuwa mtu wa kazi. "Eugene, umeona anavyofanya. Waweza kuwahi hivyo?"

Eugene akajaribu. Aliwahi kwa kipimo, nusu ya pigo, safi kabisa. Mkono wa Hershel ukamsubiri mlangoni, ukampokea, ukamkaribisha kiti.

"Haiwezekani, bwana Fitch," alisema Eugene akishusha miwani. "Mimi nikiwahi, anajua lini. Huyu kijana mwenyewe hajui. Ndiyo maana mwenzake lazima asikilize." Akafunga kamba ya mfuko wa besi yake. "Mchukue tu. Mimi mke wangu ananihesabia siku. Nashukuru, nitakula nyumbani Jumapili."

Fitch aliandika kitu kwenye kijitabu, akakikata, akaandika kingine. Watu wawili badala ya mmoja, hadi Krismasi kwanza, malazi na chakula juu ya Dale. Oleta akauliza kama majina yao yatatajwa jukwaani. Fitch akasema hilo si kawaida. Dale akasema litakuwa.

"Ila mimi sasa najua," Dub alimnong'oneza dada yake. "Nikijua, nitaweza kukosea kweli? Nimeshindwa sasa hivi."

"Ulishindwa kwa sababu uliogopa," alisema Oleta. "Usihesabu. Furahi tu, kama siku ile Memphis."

Saa kumi ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama madirishani. Carlton Sipes alikuwa mstari wa mbele na baba yake. Dub alipiga nyimbo tano za kwanza uso umekunjamana kama mtu anayebeba mayai. Wimbo wa sita ulipoanza, ukumbi ulipiga kelele baada ya sauti mbili tu za gita. Bibi Zella akasimama na kofia yake ya mazishi, akaanza kupiga makofi, nje kabisa ya mapigo. Dub akamwona mama yake. Akasahau alichokuwa amebeba. Dale akapiga kelele, na Dub akaingia mapema kuliko Memphis, mapema kuliko mchana, mapema hata Dale akageuka. Hershel alibaki ameachwa peke yake kabisa, bila mpango wowote. Akacheka, wa kwanza kuona akiwa Oleta, halafu vidole vikakimbia njia ambayo haikuwa kwenye santuri wala mahali pengine popote, vikafika.

Hakuna aliyerusha kikombe.

Waliondoka Jumanne. Gari la Dale lilikuja limejaa vumbi, na besi ikafungwa juu ya paa kwa kamba za katani na blanketi la bibi Zella, ambalo alitaka lirudi. Oleta alikuwa amefunga kuku wa kukaanga katika karatasi, na mashati mawili yenye wanga. Alimpa mumewe mkono dirishani, akaushika wa mumewe kidogo zaidi ya ilivyo desturi mbele za watu.

Bibi Zella alisogea upande wa pili, akainama.

"Hershel, mwanangu. Huyu mtoto wangu ndivyo alivyo. Akikutangulia huko, umngoje."

"Simngoji, mama," alisema Hershel. "Namfuata."